Picha ya Bi Pumzi Iliyokataa Kukua

"Kwani kompyuta nayo inarithiwa?"

Aliyeuliza swali hilo alikuwa jirani, muuza vitambaa wa mlango wa pili, miezi mitatu baada ya maziko. Alikuwa ameegemea kizingiti cha studio, mkono kiunoni, na wala hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kama mvua itanyesha. Mjane aliyekuwa ndani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Studio, aliendelea kufuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta ya marehemu mumewe, akafuta mpaka pasipo na vumbi.

Lakini swali halina miguu na bado hutembea. Kabla jua halijazama lilikuwa limeshafika kwa wifi yake.

Wifi huyo, dada wa marehemu, alikuwa msusi. Alisukia kibarazani kwake, viti vitatu juani, na mvua ikianza wateja walikimbia na vichwa nusunusu, upande umesukwa, upande umesimama kama umeona jini. Alikitamani chumba kile cha studio tangu kaka yake yuko hai. Na chumba kilikuwa cha familia, baba mkwe ndiye aliyekijenga. Basi pakaitwa kikao, watu wakakaa, chai ikanywewa, na baba mkwe akakata shauri. Mjane apewe mpaka siku ya mwisho ya mwezi. Kama itapatikana kazi moja kubwa, si hizi picha za vitambulisho ambazo hata kipofu anazipiga, ikafanywa humo ndani na mkono wake, chumba kitabaki studio. Isipopatikana, chumba ni cha msusi.

"Na imfikie mwenye kazi mkononi, kwa wakati wake," wifi alidakia. "Isije ikawa kazi ya kuambiwa ipo njiani."

Wote wakakubali kwamba hilo ni sawa.

Mwezi ukaenda. Walikuja wa vitambulisho, wakaja wa kurudufu vyeti, akaja mzee mmoja aliyetaka atolewe kipara kwenye picha, akaambiwa kwa heshima kwamba kipara ni kipaji. Kazi kubwa haikuja. Mama Studio alikuwa mtu wa sala, hakulalamika. Alisema Mungu hachelewi, sisi ndio tunaowahi. Lakini siku ya mwisho ilipofika, na saa tatu asubuhi wifi yake akaingia na futi kamba, alishika ufagio akaanza kufagia sakafu aliyokwisha kuifagia alfajiri.

Wifi alipima ukuta wa mlangoni, akapima wa ndani, akasema hapa kioo kirefu, hapa beseni la kuoshea vichwa, na hili pazia la buluu la kupigia picha tutalikata mataulo. Mama Studio alifagia kumzunguka, kama mtu anavyofagia kuzunguka mguu wa meza.

"Wifi yangu, usinune," msusi alisema, anasoma namba kwenye kamba. "Utakuwa mteja wangu wa kwanza. Hizo mvi nitazizika zisionekane tena."

"Mvi zangu sikuiba. Ziache zipumue."

Hawajamaliza kucheka, kila mmoja kicheko chake, akaingia muuguzi. Aliingia mbio, sare nyeupe, kofia mkononi, pumzi juu, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama maharage gunia likipasuka. Ilibidi akalishwe kwenye kiti cha wateja ndipo habari ikakaa sawa.

Habari yenyewe ilikuwa Bi Pumzi. Pale mtaani nani asiyemjua? Mkunga mkuu wa zahanati, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya neno lake moja, "Pumzi kwanza, mama, mengine baadaye." Alikuwa anastaafu leo, saa sita mchana anakabidhi funguo. Wauguzi walikuwa wamempiga picha kwa siri wiki iliyopita, anacheka, amepakata mtoto wa dakika tano, wakataka picha hiyo iwe kubwa kama mlango, itundikwe wodi ya wazazi, aione kabla hajatoka. Walikuwa wamempa kazi hiyo mtu mwingine, akaahidi, na leo asubuhi wamekuta kwake kufuli.

Fundi Mabango wa kona ya barabara alikuwa na mashine ya kuchapa kwenye turubai, na alikuwa tayari. Ila yeye, kama kawaida yake, hagusi picha ya mtu. Aliapa hivyo tangu alipomnyoosha mgombea mmoja shingo akawa kama bata. Ukimletea ndogo anachapa ndogo. Alitaka aletewe picha iliyokwisha kukuzwa, urefu mita mbili, na saa tano na nusu juu ya alama anafunga, ana bango la kwenda kutundika mbali.

"Na sasa ni saa ngapi?" akauliza Mama Studio, ingawa saa ilikuwa ukutani.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Mama Studio aliweka ufagio chini. Watoto wake watatu wote walipokewa na mikono ya yule mama. Na hapohapo akaona, kama mtu aliyewashiwa taa, kwamba hii ndiyo kazi yenyewe. Wifi naye aliona. Aliviringisha futi kamba yake taratibu, akaitia mfukoni, akaketi kwenye benchi.

"Nipe hiyo simu," Mama Studio alimwambia muuguzi.

Sasa ni vizuri kueleza huyu mama aliijua vipi kompyuta, kwa kuwa shule yake ilikuwa ya msingi tu. Aliijua kwa kutazama. Miaka kumi na moja alikaa kwenye kigoda nyuma ya mumewe, anakata picha za vitambulisho kwa mkasi, na jicho liko mbele. Maneno ya ile programu ya kurekebishia picha yalikuwa ya lugha asiyoijua, naye hakuyasoma. Aliyajua kwa mahali yanapokaa, kama mtu anavyomjua jirani kwa mlango wake. Kukuza na kupunguza kulikuwa juu, safu ya tatu, ukishuka chini hatua kadhaa. Hapo mumewe alikuwa akibonyeza, kisanduku kinafunguka, anaandika namba, basi, mtu anakua.

Na alikuwa na jambo lake moja. Mumewe alianza kila kazi kwa kumtaja Mungu moyoni. Yeye alijaribu, ikamshinda, kwa sababu moyo wake ulikuwa na safari nyingi: akianza dua, katikati anajikuta yuko kwenye vitunguu, au kwenye sare ya mtoto iliyochanika. Basi akabuni njia. Picha ikifunguka tu, alichukua kile kifaa cha humo kwenye programu cha kuandikia herufi, akaandika juu ya kichwa cha mteja, Ee Mungu, iongoze kazi ya mikono hii. Akayaacha yakae hapo anapofanya kazi, ili moyo usipotee njia. Kabla ya kuchapa aliyafuta. Mteja hakuwahi kujua kwamba alikaa chini ya dua kama chini ya mwavuli.

Bi Pumzi akafunguka kwenye kioo, meno yote nje, mtoto kifuani. Mama Studio akaandika dua yake kwa vidole viwili. Akapeleka kishale juu, safu ya tatu, orodha ikashuka.

Lile neno la ukubwa lilikuwa limepauka.

Mengine yalikuwa meusi. Lenyewe lilikuwa kijivu kama jivu la jana. Alilibonyeza, kimya. Akabonyeza tena, ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba waliyohama watu.

"Imekataa?" muuguzi akauliza.

"Haijakataa. Inafikiri."

Wifi alisogea, akainama begani kwake. Akataka kujua kwa nini asitumie ile alama ya lenzi ya kukuzia. Mama Studio akaitumia, na kweli uso wa Bi Pumzi ukajaa kioo kizima, pua kama ngumi. Si ndiyo hiyo, wifi akasema, mtu amekua, tunataka nini tena? Ikabidi Mama Studio amweleze kwamba hapo hajakua mtu, yamesogea macho. Ukimpelekea Fundi Mabango atachapa kilekile kidogo.

Akaifunga programu nzima, akaifungua upya. Picha ikaja, dua ikaandikwa, orodha ikashuka. Jivu.

Wakampigia Fundi Mabango, sauti ikawekwa nje wasikie wote. Alikuwa amebana kitu mdomoni, pengine msumari. Alisema huenda mashine imechoka, izimeni iwashwe tena, na akawakumbusha kwamba saa yake haina mchezo. Wakaizima. Basi kompyuta ile ikizimwa huamka kama babu: inakohoa, inakaa kitandani, inatafuta miwani. Dakika nane zilipita wanatazamana. Muuguzi alivaa kofia, akavua, akavaa. Ilipoamka, Mama Studio akafungua picha, akaandika dua, akashusha orodha.

Jivu lilelile.

"Wifi," msusi akasema polepole, "hata mashine inajua leo tarehe ngapi."

Muuguzi akasimama. Alisema samahani sana, mama, lakini ngoja nikimbilie mjini, huenda nitapata mwingine. Wote watatu walijua kwamba kwenda na kurudi mjini ni mpaka saa saba. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini.

"Nipe dakika tano," Mama Studio alisema. "Na mnyamaze. Hata kupumua, pumueni kidogo."

Alikuwa na njia yake ya kutafuta kitu kilichopotea nyumbani. Sindano ikianguka, hakukung'uta godoro na kupindua viti kama wenzake. Alirudi pale alipokuwa nayo mara ya mwisho, akatembea upya hatua zilezile, na kila hatua akatazama chini. Alifunga kila kitu. Akafungua picha ya Bi Pumzi, na kabla hajagusa chochote akashusha orodha.

Neno lilikuwa jeusi. Jeusi tii, limekaa na wenzake kana kwamba halijawahi kuugua.

Muuguzi alipiga makofi, akamwambia bonyeza, mama, bonyeza haraka kabla halijabadili nia. Wifi naye alikuwa amesimama bila kujijua. Kishale kilikuwa juu ya neno lenyewe. Kilichobaki kilikuwa kidole.

Mama Studio akatoa mkono.

"Sijaomba," alisema.

"Utaomba baadaye!"

"Mwanangu, kazi nisiyoianza naye nitaimaliza na nani?" Na tena, ingawa hili hakulisema, alitaka kujua. Kitu usichokijua kilivyopona kitaugua tena kesho, na kesho huenda muuguzi asiwepo wa kupiga makofi. Akachukua kifaa cha herufi, akaandika dua yake yote, nukta mpaka nukta, huku muuguzi amejifunika uso kwa kofia. Akashusha orodha.

Limepauka.

Mlango wa pili muuza vitambaa alisikika akikata kitambaa, krrr, mpaka mwisho.

"Basi ni dua," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania. "Dua ndiyo inayoziba njia, wifi. Iache."

Neno hilo lilimwingia Mama Studio kama mwiba wa samaki. Alikuwa ameshinda misiba na madeni kwa dua hiyohiyo, sasa aambiwe ndiyo inayomfukuza studio? Alitazama kioo. Alitazama vile alivyozoea, bila haraka, toka juu mpaka chini. Bi Pumzi anacheka. Mtoto amefumba macho. Maneno ya dua yapo juu ya kofia ya mkunga. Na mwisho wa maneno, baada ya herufi ya mwisho, kijiti chembamba kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

Kile kijiti kilikuwa kinangoja.

Alikijua. Ndicho kinachotangulia herufi unapoandika. Kwa hiyo kompyuta ilidhani bado anaandika. Akainua macho mpaka ukingo wa juu wa kioo, akaona alama mbili ndogo ambazo miaka yote alizipita kama mtu anavyopita misumari ya ukutani: msalaba wa kukosa, na tiki, ileile ya mwalimu kwenye daftari. Na hapo picha zote za vitambulisho zikamrudia. Zile hakuzikuza kamwe. Zile, akishaandika dua, alichukua mkasi wa humo ndani ili akate kichwa na mabega, na kuchukua kifaa kingine kulitosha kuiambia mashine kwamba ameshamaliza kuandika. Leo hakuchukua mkasi. Leo alitoka kwenye dua akaenda moja kwa moja kuomba ukubwa, na dua iko wazi.

Alianza kucheka, bega linaruka.

"Wifi, mtu akiwa katikati ya sala, wewe unamwendea unamwambia nyanyuka nipite?"

"Hapana. Namngoja amalize."

"Basi hii kompyuta imelelewa vizuri kuliko sisi. Inaniona naomba, sijasema amina, imekaa inaningoja. Na mimi nakaa naitukana."

Akabonyeza tiki. "Amina," alisema, akashusha orodha.

Jeusi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Kisanduku kikafunguka. Kulikuwa na pingili ya mnyororo pembeni, akaihakikisha imefungwa, maana ikiachia, Bi Pumzi angenyooka kama mlingoti au kupanuka kama sinia. Akaandika urefu sentimita mia mbili, na upana ukajiandika wenyewe, mia na hamsini. Akakubali. Mashine ikanguruma, feni ikapanda, mstari mdogo ukawa unatambaa toka kushoto kwenda kulia, nao watatu wakaufuata kwa macho, wanausukuma kwa shingo. Muuguzi bila kujua alikuwa anasema, "Pumzi, pumzi kwanza." Mstari ulipofika mwisho, wote waliachia pumzi kama waliozaa wao.

Alifuta maneno yake, dua ni ya Mungu, si ya turubai. Akatia picha kwenye flashi, muuguzi akaipokea akaondoka nayo mkono umefumbwa, mbio, bila kofia. Kofia ilibaki kwenye kiti.

Wakabaki wawili. Wifi aliuliza kama hiyo tiki ilikuwepo siku zote. Akaambiwa ilikuwepo siku zote. Akatikisa kichwa. Baadaye akasema kazi kufanyika ni jambo moja na kufika mkononi ni jambo jingine, na Mama Studio akasema ni kweli, ndivyo mlivyokubaliana.

Saa tano na dakika thelathini na tano Fundi Mabango alisimamisha pikipiki mlangoni, ngazi imefungwa nyuma, akawapa turubai lililoviringishwa, bado lina joto la mashine. Alisema muuguzi amemwomba alipitishe hapa, kwa sababu yeye ameitwa kazini mbio na asingeweza kungoja wino ukauke. Akasema pia kwamba picha imetoka safi, hajaona safi kama hiyo tangu marehemu. Akawasha, akaenda zake. Zahanati ilikuwa upande mwingine.

Walilifungua sakafuni, walihakikishe. Bi Pumzi akalala hapo mzima mzima, kutoka mlangoni mpaka chini ya pazia la buluu, anacheka, na lile jino lake la pembeni lililopanda jingine linaonekana wazi. Msusi alipiga magoti pembeni yake. Kifungua mimba wake alikuja kinyume, miguu mbele, siku nzima na nusu, na mama huyu hakuuachia mkono wake. Hilo Mama Studio alilijua, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa nje ya mlango na chupa ya chai.

Simu ikaita. Ilikuwa muuguzi, ananong'ona. Bi Pumzi ameshakabidhi funguo kabla ya saa yake, ameshawaaga wagonjwa kitanda kwa kitanda, anataka kwenda nyumbani. Wamemficha kiatu kimoja, anakitafuta chini ya vitanda, lakini siyo mjinga, hatakitafuta milele. Iko wapi picha?

Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi na tano. Zahanati ilikuwa juu ya mwinuko, mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye miguu mizima.

Mama Studio akakata simu, akaanza kutafuta mtandio, akatafuta ndara, akapata moja. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu mwaka juzi, na kile kilima alikipanda kwa vituo vitatu. Alijua. Alijua pia kwamba wifi yake hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Angekaa tu. Angekaa kwenye benchi robo saa moja, mikono mapajani, na chumba kingekuwa chake, bila ugomvi, kwa maneno yake mwenyewe yaliyokubaliwa na kikao.

Wifi alikuwa bado amepiga magoti. Akalipangusa turubai kwa kiganja, mahali palipokuwa na vumbi, karibu na mkono wa mkunga. Kisha akaanza kuliviringisha kutoka chini, taratibu, miguu ya Bi Pumzi, mtoto, kicheko.

"Wewe kwa goti hilo," akasema, "utamkuta ameshapika cha jioni."

Akalitia begani, akalisawazisha. Msusi hakungoja kuambiwa kitu. Alijipinda upande ili ncha ya turubai isigonge mlango, akashuka ngazi, akakivaa kilima cha zahanati.